Mashine ya figo haiui, kuchelewa ndiko kunakoua

Kwenye kitengo cha figo hapa Kisumu maswali ni yale yale, mgonjwa awe wa Ahero, Siaya au Homa Bay. Mengine nayajibu kwa ufupi. Lile la mashine inayoosha damu badala ya figo (dialisisi) nitalirudia, maana ndilo linalotuzikia watu.

Ugonjwa sugu wa figo ni nini?
Ni figo kuharibika au kupungukiwa na nguvu za kuchuja damu kwa zaidi ya miezi mitatu. Mara nyingi chanzo ni sukari au presha. Mwanzoni hauumi popote, kwa hivyo usingoje dalili. Kama una sukari au presha, pimwa mkojo na kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja) angalau mara moja kwa mwaka.

Sista, si watu wakiwekwa kwenye mashine hufa?
Hapana. Mashine haiui. Angalia mambo yanavyokwenda. Mzee anaambiwa Januari kwamba figo zimebakiza chini ya asilimia 15, ajiandae. Anasema anaenda nyumbani kushauriana na jamaa. Mei analetwa amebebwa. Ukibonyeza mguu, kidole kinaacha shimo. Hawezi kulala chali kwa sababu mapafu yamejaa maji, anaongea asiyoyajua, na potasiamu (madini ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa) imepanda kiasi kwamba moyo unaweza kusimama wakati wowote. Tunamtia mpira wa kuoshea damu kwenye mshipa wa shingoni usiku huo huo. Akifariki kesho yake, matangani inasemwa mashine ndiyo iliyomuua. Jirani yake naye akiambiwa aanze, anatoroka.

Lakini ukianza hutoki?
Inategemea. Figo zilizofeli ghafla kwa malaria kali, kuhara sana au kuvuja damu wakati wa kujifungua mara nyingi hurudi, na mashine inaachwa. Kwa ugonjwa sugu uliofika mwisho, ni kweli, utaendelea nayo mpaka upandikizwe figo. Ila kuikataa hakuzirudishi figo. Tuna wagonjwa wanaooshwa damu leo na kesho wako sokoni wanauza. Nirudie: kinachoua ni ile miezi ya kwenda kushauriana.

Nijaribu mitishamba kwanza?
Tafadhali usijaribu. Hakuna anayejua kilichomo kwenye yale madumu ya maji ya rangi ya udongo. Mingine ina potasiamu nyingi, mingine huharibu figo yenyewe. Na hata yangekuwa maji matupu, mtu anayekojoa kikombe kimoja kwa siku atayaweka wapi? Hapo hapo acha kununua diklofenaki na ibuprofeni za mgongo kila wiki dukani. Kwa figo mbovu hizo ni sumu.

Kujiandaa ni kufanya nini?
Kwanza, fistula: upasuaji mdogo wa kuunganisha mishipa miwili ya damu mkononi. Huchukua wiki kadhaa, pengine miezi mitatu, kukomaa, ndiyo maana tunawaita mapema. Anayekuja amebebwa hana wiki hizo, hubaki na mpira wa shingoni, na mpira huo hushika maambukizi upesi. Mkono usioandikia, ambao kwa kawaida ndio huwekewa fistula, usiruhusu utolewe damu wala kutundikiwa dripu, hata ukiwa kliniki nyingine. Waambie. Pili, lipa SHA, bima ya afya ya serikali, sasa. Kujisajili mgonjwa akiwa tayari anahema mlangoni ni kupoteza saa ambazo hana.

Naweza kula nini?
Ugali na mchele havina shida kubwa. Ndizi, parachichi, viazi na maharagwe vina potasiamu nyingi, uliza kiasi chako. Mboga za kienyeji zichemshe, umwage maji yake, na magadi usitie. Chumvi ya mezani ondoa mezani.

Nina matanga Bondo Ijumaa, niruke kipindi kimoja cha kuoshwa damu?
Hapana! Piga simu Jumatatu, tutakutafutia nafasi Alhamisi. Wanaoruka hurudi na kilo tano za maji mwilini, kwa sababu huko kuna chai, soda na supu, na hakuna anayemhesabia mgonjwa vikombe. Enda, uzike, lakini njoo kwanza uoshwe.