Diakonia si ziara ya Desemba

Kila Krismasi inapokaribia, matangazo ya ibada kwenye sharika zetu hapa Dodoma huwa na habari hii: vijana, au kwaya fulani, "wamefanya diakonia". Wamepeleka unga, sabuni na mafuta ya kula kwenye kituo cha watoto, wamepiga picha, wamerudi. Ni jambo jema. Ila hiyo ni ziara. Diakonia ni kazi ya kudumu ya kanisa ya kumhudumia mwenye shida, awe muumini au asiwe.

Tofauti yake na msaada imeelezwa vizuri katika Matendo ya Mitume sura ya 6. Yerusalemu chakula kilikuwa kinagawiwa kila siku. Hatuambiwi kwamba kilipungua. Waliolalamika ni Wayahudi wasemao Kigiriki, kwa sababu wajane wao walikuwa wanasahauliwa. Mitume hawakuongeza chakula. Walitaka wachaguliwe watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, wakawawekea mikono. Ukiyatazama majina ya hao saba, tangu Stefano na Filipo hadi Nikolao wa Antiokia, yote ni ya Kigiriki. Inaelekea walionung'unika ndio waliokabidhiwa ugawaji. Mtoa msaada anaweza kumaliza kazi yake asijue nani alikosa. Wale saba waliwekwa kwa ajili ya aliyekosa.

Hata Msamaria Mwema tunamkatisha njiani. Katika mfano wa Yesu, hakuishia kumfunga majeraha yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Alimlipia nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi.

Sasa tuje kwetu. Ugogoni mvua ni ya msimu mmoja, na mtama na uwele wa kutosha hupatikana kuanzia Mei hivi. Akiba ya bibi anayelea wajukuu mara nyingi huisha Januari au Februari, wakati wa palizi. Inambidi akalime kibarua kwenye shamba la mwingine ili watoto wale jioni, na la kwake linamezwa na magugu. Mavuno yanakuwa haba, na mwaka unaofuata njaa inaanza mapema zaidi. Unga wa Desemba hauugusi mzunguko huo. Vijana wa usharika wakimpalilia shamba, wameugusa. Ndivyo ilivyo pia Buigiri, Chamwino, ambako Kanisa Anglikana lilianzisha shule ya wasioona: mtoto hafundishwi nukta nundu kwa ziara moja. Anahitaji mwalimu kesho, na keshokutwa, na mwaka kesho.

Basi, ndugu zangu mnaoandika matangazo, ziara tuiite ziara. Haipungukiwi na chochote kwa kuitwa hivyo. Na siku mkitangaza diakonia, mtaje pia nani atakwenda Februari.