Ule si mwiba, ni mdomo

Ukipita njia ya vumbi kando ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, huku Moshi, saa nne asubuhi jua likiwa limechangamka, unaweza kumwona mdudu mnene mwenye manyoya akielea mbele ya ua bila kutua, sindano ndefu imetokeza usoni. Watoto huambiwa wakimbie, eti nyuki huyo ana mwiba mbele.

Mwiba wa nyuki uko nyuma, kwenye ncha ya tumbo. Hii sindano ni mrija wa kufyonzea mbochi. Na mwenyewe si nyuki, ni nzi wa jamii ya Bombyliidae, wala hana cha kumchomea mtu.

Hesabu mabawa: nyuki ana manne, huyu ana mawili. Angani huwezi, yanakwenda mbio mno; mimi humngoja atue chini. Akitua huyaacha yametanuka pembeni, ilhali nyuki huyalaza mgongoni. Vipapasio vyake navyo ni vifupi sana.

Upole wake, hata hivyo, una mipaka. Katika spishi nyingi jike huzoa mchanga au vumbi kwenye kifuko kilicho mwishoni mwa tumbo, akayavika mayai yake, kisha huelea juu ya tundu la nyuki wapweke waishio ardhini na kuyarusha humo moja moja. Buu likianguliwa hujipenyeza ndani na baadaye kumla mtoto wa nyuki. Jamaa zake wengine hula mayai ya panzi, na hapo sijasikia mkulima akilalamika.