Kitabu cha pwani nakipimia kwenye ramani yake

Mtu akinionyesha kitabu cha pwani, kitu cha kwanza naangalia ramani, ina mwaka au haina? Kazi yangu ni kupima fukwe na ufukwe hautulii hata siku moja, sasa ukinichorea mstari mmoja halafu ukanisimulia miaka elfu mbili juu ya mstari huohuo, nishaanza kukutilia shaka.

Chukua Efeso, ule mji wa kale wa bandari ulioko Uturuki ya leo. Nimesoma historia zinazoeleza vizuri tu mahekalu na biashara, halafu mji ukafifia, basi, kama taa iliyoishiwa mafuta. Kwa nini? Tope bwana! Mto ulishusha udongo karne kwa karne mpaka bandari ikajaa, watu wakachimba, ukajaa tena, na leo ukisimama kwenye magofu bahari iko kilomita kadhaa huko. Usipomtaja mto hujaieleza bandari.

Wanabailojia nao wana lao, wanaandika kama pwani haijawahi kukanyagwa na mtu. Ila cha Ricketts na Calvin, Between Pacific Tides cha 1939, kuhusu viumbe wa pwani ya Pasifiki huko Marekani, bado nakirudia, maana waliwapanga viumbe kwa mahali wanapoishi, mwamba unaopigwa na mawimbi huku, tope la ghuba tulivu kule, badala ya kuanza na makundi ya kisayansi. Na ndivyo unavyokutana nao kweli maji yakikupwa, hukutani na jedwali, unakutana na jiwe lina kome na kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, kajibanza pembeni. Kimepitwa kwenye mengine lakini, mfano mwanaikolojia Robert Paine alipoonyesha mwaka 1966 kwamba ukimwondoa huyo kiti cha pweza kome wanautwaa mwamba na kuwabana wengine, Ricketts alishafariki tangu 1948. Kwa hiyo tafuta toleo lililohaririwa baadaye.

Vinavyonikosesha usingizi ni vile vya nchi zilizozama. Miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, Uingereza ilishikana na bara la Ulaya, na mwaka 1931 wavuvi kwenye Bahari ya Kaskazini wakapandisha na nyavu bonge la mboji, ndani yake mna chusa ya pembe ya mnyama. Yaani pale palikuwa na watu wanawinda! Na ramani ya nchi hiyo, mito yake na mabonde yake, imechorwa kwa data zilizokusanywa na watafuta mafuta, ambao wala hawakuwa wanaitafuta.