Kikaango, Kisu na Spika: Yale Ambayo Watu Hawayaelewi Kuhusu Majadiliano ya Dini

Wiki iliyopita, Igoma, sijavuta hata kiti, mzee mmoja wa kanisa akaniuliza: "Mwanangu, umekuja tena kutuchanganyia dini?" Siku tatu baadaye, mtaa huo huo, mwalimu wa madrasa akaniuliza lile lile, tena kwa sauti ya upole zaidi, jambo ambalo liliniuma zaidi. Nasuluhisha majirani wa imani tofauti hapa Mwanza mwaka wa kumi na tatu sasa. Swali hili nimelijibu mpaka ulimi umeota sugu, kwa hiyo leo naliandika.

Dhana: Majadiliano ya dini ni kuchanganya dini

Hapana. Asiyejua anachoamini hana cha kujadili. Huyo amekuja kunywa soda. Kanisa Katoliki lilipotoa tamko la Nostra Aetate mwaka 1965, lilisema halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine, na papo hapo likasema litaendelea kumtangaza Kristo. Mwaka 2007 wanazuoni wa Kiislamu 138 waliwaandikia viongozi wa Kikristo duniani barua ya kuwaita kwenye neno la pamoja, yaani kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Hakuna aliyeambiwa aache shahada, wala aliyeambiwa aache Utatu. Mwalimu wa madrasa mwenyewe anawafundisha watoto sura ya Al-Kafirun kila siku: nyinyi mna dini yenu, nami nina dini yangu.

Basi tunajadili nini? Nyama. Spika za misikitini na makanisani. Kiwanja. Vyombo vya msibani.

Mwaka 2012 na 2013 huku Kanda ya Ziwa hatukugombania Utatu, tuligombania nani ashike kisu. Mazoea ya miaka mingi yalikuwa kwamba nyama ya kuuzwa kwa watu wote anachinja Mwislamu. Baadhi ya Wakristo wakasema nao wana haki ya kuchinja na kuuza. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mchungaji akauawa. Mwislamu atakusomea Al-Maida aya ya 3 juu ya mnyama aliyechinjwa kwa jina lisilo la Mwenyezi Mungu. Mkristo atakusomea Paulo akiwaambia Wakorintho wale kiuzwacho sokoni bila kuulizauliza. Yote yameandikwa, na hakuna hata moja linalopanga zamu za machinjioni Buseresere. Zamu wanapanga watu, wakiwa wamekaa. Soko la samaki la Mwaloni Kirumba, ambako sangara na dagaa hawachinjwi na Mwislamu anawala bila wasiwasi, sijawahi kuitwa kwa ugomvi wa dini hata mara moja. Kule naitwa kwa sababu ya mizani.

Mfano wa karibu ni msiba wa Mkuyuni. Marehemu Mkristo, wakwe Waislamu, ng'ombe kachinjwa na Mwislamu, kila mtu ametulia. Usiku mjomba mmoja akaleta kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, cha wachimba kaburi, kikakaangwa kwenye kikaango kilichoazimwa kwa jirani, mama wa Kiislamu. Asubuhi mama yule alipokifuata na kuambiwa, hakupiga kelele. Alisema tu, "Bakini nacho," akaondoka. Nilipofika siku ya tatu kikaango kilikuwa juu ya ukuta wa uzio, mafuta yameganda, hakuna anayekigusa. Mama mkubwa wa marehemu akanunua kipya, akampelekea yeye mwenyewe pamoja na kilo mbili za sukari, wakakaa barazani kama saa nzima. Hakuna aliyesilimu. Hakuna aliyebatizwa.

Tangu hapo nawasumbua watu kwa jambo moja: kamati ya msiba ikishafungua daftari la michango, iweke ukurasa wa vyombo. Cha nani, kitapikia nini. Wananicheka. Wacheke tu. Na tafadhali msianze vikao hivi kwa sala ya pamoja ili mpate picha nzuri ya kanzu na kola. Kila mmoja asali kwake kabla hajaja, halafu tuje tuzungumzie spika.

Dhana: Mihadhara ndiyo majadiliano

Muhadhara wa uwanjani, mtu na Biblia yake na Kurani yake na maikrofoni, una mshindi na makofi. Sina ugomvi nao ukifuata sheria. Ila usinialike ukasema ni suluhu.

Dhana: "Sisi ndio wengi hapa"

Umehesabu lini? Sensa ya taifa haijauliza dini ya mtu tangu 1967. Anayekutajia asilimia kijiweni anakutajia matumaini yake. Hata mngekuwa wengi, Ibara ya 19 ya Katiba haipimi uhuru wa kuabudu kwa idadi.

Dhana: Wa mila hawana dini, wasiitwe

Hili nalo! Ukoo mmoja wa Kisukuma utakuta Mkatoliki, Mwislamu na babu anayetambikia mizimu, na neno la babu ndilo linaloamua marehemu azikwe wapi. Usipomwita unajidanganya. Nenda Bujora, pale Kisesa, uone kanisa lililojengwa kwa sura ya Kisukuma, kisha urudi Juni kwenye ngoma za Bulabo, sherehe iliyofungamana na sikukuu ya Ekaristi.

Dhana: Wapenzi wa dini mbili lazima mmoja abadili ndiyo waoane

Kidini kila upande una masharti yake, kawaulize viongozi wako. Kisheria si lazima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya bomani: mnatoa taarifa, mnasubiri siku 21, mnaoana kila mtu na dini yake. Wanaokuja kwangu wengi hilo wanalijua tayari. Kinachowatetemesha ni kuwaambia wazazi, na kwa hilo huwa tunaenda wote, siku ya Jumapili jioni, baada ya chakula.