Kisanduku cha kwanza ambacho ndege nyuki ingebeba Moshi

Ukisimama barabara ya Moshi–Himo asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, utaiona migongo ya Kilimanjaro ikishuka kutoka msituni kama vidole vya mkono uliotandazwa. Kati ya kidole na kidole kuna korongo. Barabara nyingi hupanda kwa kufuata mgongo, na zinazovuka korongo ni chache. Mtu wa mgongo huu anasikia kengele ya kanisa la mgongo wa pili, lakini akitaka kwenda huko kwa gari hushuka mpaka lami ya chini, kisha aanze kupanda upya. Kwa anga ni kilomita chache. Kwa gari, masika yakiwa yamekolea na tope limeshika njia, huenda ikawa saa nzima.

Mimi ni mrushaji wa ndege nyuki, yaani droni, zile ndege ndogo zisizo na rubani ndani. Nilianza na ramani za mashamba ya kahawa, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kupanga safari za majaribio za vifaa vya tiba ya dharura. Nikiwaeleza watu kazi hii, wengi huniuliza kuhusu mashine ya kushtua moyo, kwa sababu wameiona kwenye video ikiletwa na ndege nyuki. Tukio lenyewe ni la kweli. Desemba 2021, katika mji wa Trollhättan nchini Sweden, mzee wa miaka 71 alisimama moyo akiwa anaondoa theluji nje ya nyumba yake. Ndege nyuki ilimfikishia mashine ndani ya dakika tatu na kidogo, daktari aliyekuwa akipita akaitumia, na mzee akapona.

Ila soma tena hadithi hiyo taratibu. Alikuwepo mtu aliyetambua kwamba moyo umesimama, akaanza kukandamiza kifua papo hapo. Kulikuwa na namba ya dharura iliyopokelewa mara moja, na ndege iliyokuwa tayari jirani. Moyo uliosimama hausubiri: kila dakika inayopita bila mshtuo hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Ndege inayotoka Moshi mjini kwenda kijiji cha juu haiwezi kushinda hesabu hiyo. Kwa mjini, nafuu mashine hizo ziwekwe pale watu wanapokusanyika, na siku ya Kilimanjaro Marathon zipangwe njiani na watu waliofundishwa kuzitumia.

Dharura inayolingana na mlima wetu ni ile inayompa mtu saa moja au mbili. Ninayoifikiria kila siku ni mama kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua.

Mama anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili tangu damu ianze kumwagika. Ni muda mfupi, lakini ndege inaweza kuuwahi. Tena siku hizi kuna kitu kinachomwambia mkunga apige simu lini: shuka la plastiki lenye mfuko na mistari ya vipimo, ambalo hutandikwa chini ya mama ili damu ikusanyike na kuonekana ni mililita ngapi. Zamani ilikuwa kukadiria kwa macho, na macho hukadiria pungufu. Utafiti uliotumia shuka hilo pamoja na tiba zote kutolewa kwa mpigo, uliofanyika pia hapa Tanzania na kuchapishwa 2023, ulionyesha kwamba matukio mabaya ya utokaji damu yalipungua kwa asilimia 60. Kwangu mimi, mstari wa mililita 500 kwenye shuka ndio kitufe cha kurushia ndege.

Sasa ndani ya kisanduku kuwe na nini? Inategemea kinakwenda wapi, na hapa watu wengi wa teknolojia huteleza. Zahanati haiongezi damu. Haina maabara ya kulinganisha makundi wala mtu wa kusimamia kazi hiyo usiku. Ukiipelekea chupa ya damu umepeleka mzigo usiotumika. Zahanati ipelekewe oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, iliyotunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, traneksamiki, dawa ya kusaidia damu isiendelee kumwagika, dripu, na lile vazi la kubana miguu na tumbo kwa mikanda ya kunata, linalorudisha damu kwenye moyo na ubongo wakati mama anasubiri gari. Traneksamiki inataka haraka kuliko zote. Lazima itolewe ndani ya saa tatu, na kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10. Gari lenyewe liitwe kwa 115, namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa akina mama wajawazito na watoto wachanga, maana ndege haimbebi mgonjwa. Inamnunulia muda tu mpaka dereva afike.

Damu ni ya vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji. Moshi tuna bahati, kwa sababu kituo cha damu salama cha Kanda ya Kaskazini kiko hapa hapa. Wenzetu wa Rwanda wanasafirisha damu kwa ndege nyuki tangu Oktoba 2016, na utafiti wa 2022 katika Lancet Global Health ulikuta kwamba ndege ziliwahi kuliko gari kwa dakika 79 hadi 98, na damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ikapungua kwa asilimia 67. Namba hiyo ya pili naipenda kuliko ya kwanza. Kituo kikijua damu itafika upesi, hakirundiki chupa za kundi adimu kwenye friji mpaka zitupwe.

Lakini damu ina adabu zake. Katika jaribio letu la kwanza tulibeba maji yaliyotiwa rangi nyekundu kwenye mifuko ya damu. Tulipofungua sanduku kule juu, kipimajoto kilisoma nyuzi 4, safi kabisa. Nikashika mfuko. Upande mmoja ulikuwa mgumu kama sahani. Pakiti ya barafu ilikuwa imetoka kwenye jokofu moja kwa moja na kulala juu ya mfuko, na kipimajoto kilikuwa upande wa pili. Ingekuwa damu, chembe nyekundu zingepasuka, na damu ya namna hiyo ikiingia kwa mgonjwa inaweza kumuua. Nilikaa na ule mfuko mkononi muda mrefu. Tangu siku hiyo barafu huachwa mezani mpaka ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani, kipande cha kadibodi hukaa katikati, na kipimajoto hufungwa kwenye mfuko wenyewe.

Upande wa urukaji, wageni huogopa mwinuko. Mwinuko unahesabika. Kupandisha ndege ya kilo 10 mita 1,000 kwenda juu ni wati-saa 27 kwa fizikia tupu. Weka 50 au zaidi ukihesabu kinachopotea kwenye mota na propela. Hewa nyembamba huongeza gharama kidogo tu kwenye kimo cha vijiji vyetu. Cha hatari zaidi ni kuandika kimo cha safari kwa kupima kutoka pale uliporushia. Mita 100 juu ya Moshi ni chini ya ardhi ya Kibosho, huko juu mlimani. Lazima ndege ifuate sura ya mlima, na ramani ya miinuko ihakikiwe kwa miguu, kwa sababu migrivea hurefuka kila mwaka na nyaya za umeme hazionekani kwenye ramani.

Upepo ndio mwenye mlima. Mchana, jua likiwasha miteremko, hewa hupanda na mawingu hujikusanya kwenye ukanda wa msitu kuanzia karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Usiku hewa iliyopoa hushuka taratibu na mara nyingi anga hufunguka. Kwa hiyo saa nane usiku, mkunga akiwa peke yake na njia ikiwa mbaya kuliko wakati wowote, mara nyingi ndipo mlima umetulia. Ndiyo maana naendelea kuomba vibali vya kuruka usiku, ingawa hata vya mchana pekee, kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na kwa upande wa ulinzi, vinataka subira. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) na uwanja mdogo wa Moshi viko karibu, na ni haki wenye anga waulize maswali magumu.

Aina ya ndege nayo ni muhimu. Zile za Rwanda hurushwa kwa manati na kuangusha mzigo kwa parachuti. Kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la huku mlimani, penye migomba na kahawa na mti juu yake, parachuti itanaswa. Nafikiri ile iliyojaribiwa Ukerewe mwaka 2018 inatufaa zaidi: hupaa wima kama helikopta, kisha huruka kwa mabawa, na ilivuka kilomita 60 kutoka Mwanza kwa dakika 40. Mzigo ushushwe kwa kamba, ndege ikiwa bado juu.

Mwezi uliopita nilipanda zahanati moja kupima uwanja wa kushushia. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, alitandika shuka jeupe kwenye majani, akaweka mawe manne pembeni.

"Shikamoo mama, shuka litapeperuka," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo maana nimeweka mawe. Sasa niambie, usiku nitaliwashia nini? Tochi ya simu ninaihitaji leba."

Kwenye orodha yangu hapakuwa na taa. Nimeshanunua nne za sola, za kuchomeka ardhini, moja kwa kila pembe ya shuka. Jumamosi nazipeleka, na nitabaki mpaka giza liingie ili tuone pamoja kama zinaonekana kutoka mita 60 juu.