Kikomo cha kumbukumbu iliyofungwa: kilobaiti 64 au megabaiti 8?

Seva ilikuwa na gigabaiti kadhaa za RAM zisizotumika, lakini programu niliyokuwa nikiiwasha ilizimika papo hapo na kuandika ENOMEM kwenye logi, yaani kumbukumbu haitoshi. Nilipoteza karibu saa nzima nikitafuta mlaji wa kumbukumbu ambaye hakuwepo. Kilichokuwa kimejaa si RAM, bali kikomo cha kumbukumbu ambayo mchakato, yaani programu inayoendeshwa, unaruhusiwa kuifunga.

Katika Linux, mchakato huifunga kumbukumbu kwa kuiita mlock, na kuanzia hapo kerneli, yaani kiini cha mfumo, haiwezi kuzihamishia kurasa hizo (vipande vya kumbukumbu) kwenye diski hata RAM ikibana namna gani. Programu zinazoshika funguo za siri huhitaji jambo hili, na za sauti pia, kwa kuwa haziwezi kusubiri diski. Ubaya wake ni kwamba kila ukurasa uliofungwa hupunguza nafasi ya kerneli kujinasua, na ndiyo sababu kabla ya toleo la 2.6.9 la kerneli mtumiaji wa kawaida hakuruhusiwa kufunga hata ukurasa mmoja.

Baadaye alipewa kiasi kidogo, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kilobaiti 64, sawa na kurasa 16 za baiti 4096. Kiasi hicho kiliutosha ufunguo wa siri na si zaidi. Ilipokuja io_uring mwaka 2019, njia ya programu kuiagiza kerneli kusoma na kuandika data, ambayo huhesabu bafa (maeneo ya kupokelea data) zinazosajiliwa kuwa kumbukumbu iliyofungwa, programu za kawaida kabisa zilianza kugonga ukuta huo, na katika toleo la 5.16, lililotoka Januari 2022, kiwango cha msingi kikapandishwa hadi megabaiti 8.

Naliunga mkono badiliko hilo, ingawa wasiwasi wa wanaolipinga una msingi. Kwa mlock, kikomo huhesabiwa kwa kila mchakato, si kwa mtumiaji, hivyo mtu mwenye michakato 100 anaweza kufunga megabaiti 800, na mashine yenye gigabaiti moja italemewa. Hata hivyo, mtu huyohuyo angeweza kuilemea kwa kutenga kumbukumbu ya kawaida tu. Anayetaka kumzuia kweli atumie cgroup, yaani kikundi cha michakato chenye kikomo cha pamoja. Wala megabaiti 8 si nyingi kama zinavyosikika: programu inayoita mlockall kwa MCL_FUTURE, yaani kufunga pia kumbukumbu yote itakayotengwa baadaye, hufungiwa pia staki (eneo la kazi) ya kila thredi mpya, yaani kila uzi wa kazi ndani ya programu, na staki hiyo kwa kawaida hutengewa megabaiti 8, kwa hiyo thredi ya kwanza tu inayoongezwa hukataliwa.

Nirudi kwenye seva yangu, iliyokuwa na kerneli ya zamani. Nilipandisha memlock, yaani kikomo chenyewe, katika /etc/security/limits.conf, nikaingia upya, na amri ya ulimit -l ikanionyesha namba mpya. Huduma bado ikagoma. Faili hiyo husomwa na pam_limits, sehemu ya mfumo wa kuingia, mtu anapoingia, ilhali huduma zinazoanzishwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, hazipiti mlango huo. Nilipofungua faili ya limits ya mchakato wenyewe ndani ya /proc, mstari wa "Max locked memory" ulikuwa bado unasema 65536, yaani baiti za zile kilobaiti 64. Niliandika LimitMEMLOCK=64M katika faili ya huduma hiyo pekee, nikaita systemctl daemon-reload, nikaiwasha upya, na safari hii VmLck, yaani kiasi cha kumbukumbu ambacho mchakato umekifunga, ikapanda hadi megabaiti 40 bila malalamiko.