Kuwatembeza wanafunzi nyumba ya mawe ya Lamu kwa video: panga kuanzia ndani

Nyumba ya kale ya Lamu imejengwa ili mpita njia asiione yote. Kutoka dakani, yaani kibaraza cha mlangoni, unakata kona, unatokea kiwandani, ua ulio chini ya anga, kisha msana wa tini (ukumbi wa chini), msana wa yuu (ukumbi wa juu), ndipo ufike chumba kiitwacho ndani, kwenye ukuta wa zidaka, vishubaka vyenye nakshi za chokaa. Kila ukisogea, mwanga unafifia na mtandao nao unadhoofika, kwani kuta za matumbawe na chokaa zina unene wa karibu nusu mita. Chumba kizuri kuliko vyote ndicho kinachokata matangazo. Ndiyo maana napanga ziara kuanzia huko kurudi mlangoni.

Siku moja kabla, simama ndani kabisa upige simu ya video ya dakika 10, saa ileile ya kipindi. Ikikwama, weka ruta ya laini ya simu kiwandani, mkabala na milango, mawimbi yapite mlangoni badala ya kupambana na ukuta. Ubora wa 720p unatosha. Tenga GB 2 kwa saa. Hata hivyo, mtumie mwalimu mapema video fupi ya zidaka aipakue kwenye kompyuta yake. Matangazo yakikatika, anaiwasha na wewe unaendelea kueleza kwa simu ya kawaida.

Zidaka zinaharibiwa zaidi na taa ya mbele, maana nakshi za chokaa huonekana kwa vivuli vyake. Shika taa ndogo ya LED pembeni, karibu na ukuta, imulike kwa mshazari. Usigeuze kamera kuelekea kiwandani bila kusimama kwanza: mwanga wa nje utafanya chumba kizima kiwe cheusi.

Lenzi pana nayo inadanganya. Vyumba hivi ni vyembamba kwa sababu upana wake unafuata urefu wa boriti za mikoko, kama mita 2.5 hadi 3, lakini lenzi hiyo huvifanya kumbi. Tumia lenzi ya kawaida, na mwombe mwalimu apime kamba ya mita 2.5 sakafuni, watoto wasimame pande zote mbili. Hapo wanaelewa.

Maikrofoni ya kubana kwenye kola ni lazima, kuta zinarudisha mwangwi. Darasani maikrofoni izimwe. Maswali yapitie kwa mwalimu, mmojammoja. Katika kipindi cha dakika 40, nitembee 20 tu.

Nyumba ikiwa inakaliwa, mwenyewe ndiye anayesema kamera inaishia wapi. Akisema msana wa tini, kamera haivuki hapo, na ndani waonyeshe picha za nyumba ya makumbusho.